Deni la Marehemu: Hatia na Msamaha katika Sanaa ya Vigango

Katika tanzia ya Shakespeare, Hamlet, marehemu asiyetulia humrudia mwanawe kudai kisasi. Miongoni mwa Wagiriama wa Ganze, bara ya Kilifi, marehemu hurudi pia, ila dai lake ni jingine. Mzee wa chama cha Gohu huonekana ndotoni, au jamaa zake hupatwa na maradhi, nao hung'amua kwamba hajachongewa kigango. Nguzo hiyo ya mti mgumu ikishasimikwa na kumwagiwa tembo, majonzi hupata makao na hatia hupoa.

Kigango, basi, si pambo. Ni toba iliyopewa umbo. Ndiyo maana kukiiba ni dhuluma kubwa kuliko kuiba mali. Mwaka 2007 vigango viwili vilivyoibwa Kilifi mwaka 1985 vilirejeshwa kutoka makumbusho ya Marekani. Je, aliyerejesha amekwisha kusamehewa? Walio hai waweza kuombwa radhi. Lakini aliyedhulumiwa kwanza ni marehemu, nao hawana idhini ya kusamehe kwa niaba yake. Isitoshe, waliong'oa vigango aghalabu walikuwa vijana wenyeji, na hatia ya hao haikuvuka bahari.

Hamlet alilipa deni kwa damu, na nyumba nzima ikaangamia. Kigango hudai kusimama mahali pake tu. Kwa mujibu wa sanaa hii, msamaha hautangazwi na mkosaji wala mpokeaji. Hujulikana baada ya muda, iwapo marehemu hatarudi tena kudai.