Je, Mwalimu wa Mtandao Hutoka Lawamani kwa Kusema Tu?

Tangu skuli zetu za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kwa maradhi ya Korona, kusomesha kwa mtandao kumekuwa jambo la kila siku. Skuli zilikwisha kufunguliwa zote Januari 2021, walakini darasa za mtandao zimebaki: mwalimu yuko Mombasa, mwanafunzi mmoja yuko Lamu na mwengine Maskati. Basi yatupasa kuuliza: mwalimu aliyesema maneno ya haki mbele ya simu yake saa nzima, asijue nani aliyefahamu na nani aliyelala, je, ametimiza wajibu wake?

Wako wasemao kwamba ametimiza, kwani kazi yake ni kufikisha, na kufahamu ni juu ya mwanafunzi. Hoja hii ina sura ya kweli, lakini sisi hatuikubali. Redio yasema usiku kucha na hapana aliyeiita mwalimu. Aliyepewa mtoto wa mtu amsomeshe amebeba amana, na amana haitekelezwi kwa kuitupa mlangoni na kwenda zako.

Wengine wamezidi upande wa pili, wakadai kwamba elimu haipatikani illa ana kwa ana. Hawa nao wamekaza pasipokazwa. Wanazuoni wa Hadithi walizipanga zamani njia za kupokea elimu, wakahisabu ndani yake mukataba, yaani shekhe kumwandikia mwanafunzi asiyekuwapo. Lakini katika mpango huo huo mna funzo kubwa zaidi. Njia mbili za mwanzo ni kusikia kutoka kwa shekhe, na ardhi, yaani mwanafunzi kusoma naye shekhe akamsikiliza. Na wanazuoni walikhitalifiana ni ipi iliyo bora. Zingatia, ndugu msomaji: wako waliomtanguliza mwanafunzi asomaye juu ya mwanafunzi asikilizaye! Darasa nyingi za mtandao leo ni kusikia kutupu.

Ilhali hapo ndipo penye dawa. Msikitini mwalimu huona jicho lililochoka akageuza maneno. Katika kioo cha simu haoni ila majina yaliyopangwa kama vibao vya makaburi. Basi na atafute kwa sikio alichonyimwa jicho. Asimame kila baada ya dakika chache, amwite mmoja kwa jina lake, amwambie, “Hebu nieleze hili kwa maneno yako.” Asiulize, “Mmefahamu?” kwani hilo hujibiwa na wote, “Ndiyo, Maalim,” wakawa sawa aliyefahamu na asiyefahamu.

Na maneno yawe machache. Mwaka 2014 Philip Guo na wenziwe wawili walichungua mara milioni 6.9 ambazo watu walitazama video za masomo katika mtandao wa edX, wakaona kwamba muda wa katikati wa kutazama haukuzidi dakika 6, video iwe ndefu namna gani. Wakaona tena kwamba mwalimu aliyeketi mezani kwake akizungumza kama na mtu mmoja aliweza kuwavuta watu kuliko aliyepigwa picha katika studio ya gharama kubwa.

Habari hii iwafikie wale wanaoshughulika na mataa na mapambo kuliko somo. Kumvuta mwanafunzi ni jambo jema maadamu avutwa kwenye elimu. Lakini mwalimu akianza kuhisabu watazamaji kabla ya kuhisabu waliofahamu, huyo sasa amekuwa mfanyi biashara, na bidhaa yake ni uso wake. Mtihani wake ni mwepesi: muulize mwanafunzi kesho yake amekumbuka nini, masala au mzaha wa Maalim?

Limebaki jambo la bando. Mwanafunzi asiyefungua kamera asidhaniwe mvivu. Huenda ana bando la shilingi chache, au nyumbani kwao mna chumba kimoja na hapendi watu waone. Mwalimu mwenye insafu humpelekea sauti iliyorikodiwa, ambayo ni nyepesi kuliko video, akaisikiliza kwa wakati wake. Na asomaye usiku kwa simu ya mamake, akajibu kwa kuandika kwa kuwa wadogo zake wamelala, jawabu lake lisomwe mbele ya wenziwe kama la yule aliyesema kwa mdomo.