SADD YA MAARIB NA CHAKULA CHA WATU

 

Ndugu zangu, kisa cha watu wa Sabaa mwakijua. Mwenyezi Mungu amekitaja katika Sura yenye jina lao: walikuwa na bustani mbili, moja kuumeni na moja kushotoni, wakaamrishwa kula na kushukuru, wakapuuza, wakapelekewa mafuriko ya Arim, na bustani zao zikageuka kuwa za matunda machungu, na miti ya athli, na mikunazi michache. Watoto wetu huisoma khabari hiyo chuoni wakaihifadhi. Ama sisi wakubwa twaipita mbio, twasema, "Mungu aliwaadhibu," basi. Hatuulizi bustani zile zilinyweshwa na nini.

Maarib iko Yaman, katika nchi kame. Mvua hushuka milimani, maji yakapita kwa nguvu katika wadi ya Adhana siku chache, kisha wadi ikakauka. Watu wa Sabaa wakaijengea sadd, yaani ukuta wa kuzuia maji, urefu wake karibu mita 600, wenye milango ya mawe kaskazini na kusini. Haukuwa wa kuweka akiba ya mwaka mzima, bali wa kuyainua maji yapande mashambani. Na kila mlango ulinywesha upande wake. Hizo ndizo bustani mbili. Waliopima wasema zilifika karibu hekta 9,600. Na neno Arim, wafasiri walikhitilafiana katika maana yake. Lakini katika maandishi ya mawe ya watu wa Sabaa wenyewe maana yake ni sadd.

Sasa sikilizeni, kwani hapa ndipo penye jambo. Maji ya mafuriko huja na tope. Tope ndiyo rutuba, lakini kila mwaka huinua shamba kidogo. Shamba likiinuka, maji hayalifikii, ikawa lazima ukuta nao uinuliwe. Na ukuta ukiinuliwa, mzigo wa maji juu yake wazidi. Kwa hivyo sadd ile haikuwa kazi ya babu aliyejenga akapumzika. Ilikuwa deni juu ya kila kizazi. Ilibomoka mara nyingi ikatengenezwa. Mwaka 548 wa Miladi aliitengeneza Abraha, naye ndiye yule wa ndovu, akaandikisha khabari yake juu ya jiwe: tauni iliwashika watu katikati ya kazi, akawapa ruhusa wende zao, kisha makabila yakarudi, kazi ikatimia. Akahesabu na unga, na tende, na wanyama waliochinjwa kuwalisha wafanya kazi. Ukuta wa chakula wahitaji chakula kingi kuutengeneza! Kabla ya karne ile ya 6 kwisha ukabomoka tena, wala haukusimamishwa.

Wenye tarikh wa Kiarabu wasimulia kwamba kwa kubomoka kwake, japo hawakubaliani ni kubomoka kupi, watu walitawanyika: Aus na Khazraj wakenda Yathrib, Ghassan wakenda Sham, na Azd wakenda Oman. Na katika pwani yetu wako wanaonasibika na Azd. Husimuliwa pia kwamba aliyeitoboa ni panya. Huenda, nami naongeza kwamba panya hupata nafasi katika ukuta usioangaliwa.

Zama hizi nazo zina mfano wake. Tarehe 6 Juni 2023 sadd ya Kakhovka, katika Ukraine, ilivunjika katika vita. Walio chini yake waligharikishwa, na walio mbali walikaushiwa, kwani mifereji iliyokuwa ikinywesha mamia ya maelfu ya hekta kabla ya vita ilitegemea ziwa lile moja.

Atakuja mtu aseme, "Hayo ni kadari." Nami sikanushi kadari. Lakini shukrani, kama walivyotufundisha wanazuoni, ni kwa moyo, na ulimi, na viungo. Mtu aliyekula mavuno ya mfereji miaka ishirini, wala asizoe tope yake hata siku moja, amebakisha shukrani ya viungo, japo aseme alhamdulillahi mara elfu.

Wala jambo hili halikuachwa bila hukumu. Imamu al-Mawardi, wa madhehebu yetu, aliyekufa mwaka 450 wa Hijra, ameandika katika mlango wa hisba wa kitabu chake Al-Ahkam al-Sultaniyya, kwamba mji ukiharibikiwa mahali pa kunywea maji au ukuta wake, matengenezo ni juu ya Baitulmali. Ikiwa Baitulmali haina kitu, amri yawaelekea wenye uwezo katika mji, wote kwa jumla, wala hapana mmoja aliyeainishwa. Wenye uwezo wakianza wenyewe, haki ya muhtasib ya kuwaamrisha yaondoka. Wala hawalazimiki kumwomba ruhusa ili wajenge kilichokwisha kubomoka. Ruhusa, nayo ni ya mwenye kutawala, yatakiwa pale tu wanapotaka kuvunja kilichochakaa, katika kitu cha mji mzima, ili wakijenge upya.