Kwa Nini Umechagua Meno?

*Soma kwa ajili ya somo hili: Mit. 16:2, Mt. 20:20–28, Lk. 10:30–35, Yn. 10:11–13, 1 Kor. 13:3, Flp. 1:15–18.*

Tuchukue mfano wa binti aliyekulia Kwamkoro, kule juu karibu na Amani, katika Usambara ya Mashariki. Mama yake ni mchuma chai. Msimu mmoja wa masika mama anaumwa jino. Anaweka karafuu kwenye tundu, anajifunga kitambaa shavuni, na asubuhi anabeba kikapu chake kwenda shambani, kwa kuwa siku asiyochuma haina malipo, na kuteremka hadi Muheza ni nauli pamoja na siku nzima njiani. Shavu linapovimba hata kula hawezi, ndipo anapelekwa hospitali. Jino linang'olewa. Tabibu anamwambia kwa upole kwamba angekuja mapema lingezibwa.

Miaka inapita. Binti amefaulu masomo ya sayansi na amepata nafasi ya kusomea udaktari wa meno. Mzee wa kanisa anamuuliza, "Mwanangu, kwa nini meno?" Anasimulia habari za mama yake, na washiriki wote wanasema Amina.

Lakini usiku, akipiga magoti peke yake, anajua kwamba hilo si jibu lote. Anautaka pia mshahara. Anapenda kuitwa daktari. Mjomba wake anayelipa ada ndiye aliyeshauri. Na kwanza aliomba udaktari wa binadamu. Nafasi ilipokosekana, ndipo akachagua meno. Je, amewadanganya ndugu? Je, nia iliyochanganyika namna hii inaweza kuitwa wito?

Mithali 16:2 inatuonya kwamba mtu huziona njia zake kuwa safi, lakini Bwana ndiye apimaye roho. Kwa hiyo si vema kujibu haraka, wala kwa kujihesabia haki, wala kwa kujihukumu.

Tazama jinsi Yesu alivyowatendea wana wa Zebedayo. Mama yao alikuja kuwaombea viti vya heshima, kama wazazi wengi wanavyowatakia watoto wao. Nia yao ilikuwa na kiburi ndani yake. Hata hivyo Yesu hakuwafukuza. Aliwauliza kama wanaweza kukinywea kikombe chake, kisha akawafundisha ukuu ulio katika kutumika. Yakobo, aliyetafuta kiti, baadaye alikufa kwa upanga kwa ajili ya Bwana wake (Mdo. 12:2). Wito wake ulikuwa wa kweli tangu mwanzo, ingawa nia yake ilihitaji kusafishwa njiani.

Paulo naye, akiwa kifungoni, alifurahi kwamba Kristo anahubiriwa, hata na wale waliohubiri kwa husuda. Ndivyo ilivyo kwa jino. Likitibiwa vizuri, maumivu hukoma, hata kama aliyelitibu alikuwa akifikiria pesa tu. Basi, kama mgonjwa anapona kwa vyovyote, nia ina kazi gani?

Ina kazi mbili. Ya kwanza ni kwa mtendaji mwenyewe. 1 Wakorintho 13:3 inasema kwamba mtu aweza kutoa vyote alivyo navyo, na bila upendo asifaidiwe kitu. Wengine watakuwa wameshiba, lakini yeye atabaki mtupu.

Ya pili ni kwa mgonjwa. Anayekaa kwenye kiti cha meno amefungua kinywa. Hawezi kusema, wala haoni kinachofanyika. Daktari peke yake ndiye anayejua kama jino lingeweza kuzibwa. Kung'oa ni haraka, na foleni ni ndefu. Mahali pengine kishawishi ni kinyume chake: kumfanyia mwenye fedha matibabu asiyoyahitaji. Hakuna atakayejua. Hapo ndipo nia inapogeuka kuwa tendo.

Chukua jambo lingine linalojulikana sana nchini Tanzania. Mtoto mchanga ana homa na kuhara. Majirani wanamwambia mama kwamba mtoto ana "meno ya plastiki", yaani uvimbe mweupe kwenye ufizi, na kwamba lazima yakatwe. Kumbe uvimbe ule ni jino la kawaida ambalo halijachomoza, na ugonjwa una chanzo kingine. Wako watoto waliotokwa damu nyingi na kupata maambukizi kwa sababu ya kukatwa. Mwenye ujuzi anaweza kumfukuza mama huyo kwa kumdharau. Anaweza pia kuketi naye nusu saa, akamweleza bila kumwaibisha, na kumpeleka mtoto atibiwe ugonjwa wake halisi. Nusu saa hiyo haina ada. Ni upendo tu unaoweza kuitoa.

Je, basi ni dhambi kuupenda mshahara wa kazi hiyo? Katika mfano wa Msamaria mwema, mwenye nyumba ya wageni alipokea dinari mbili, naye hakulaumiwa. Bila yeye majeruhi asingetunzwa. Katika Yohana 10, kosa la mtu wa mshahara ni kwamba mbwa mwitu alipokuja alikimbia, maana kondoo hawakuwa kitu kwake. Swali kwa binti yetu, basi, ni hili: siku ambayo malipo hayapo, atabaki?

Kanisa letu limeihesabu kazi hii kuwa huduma. Mwaka 1953 lilifungua chuo cha udaktari wa meno huko Loma Linda, California. Lakini chuo hufundisha mikono. Moyo hufundishwa na Kristo, naye haufundishi mara moja tu siku ya kujiunga. Meno yanahitaji mswaki kila siku. Nia nayo inahitaji maombi kila asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaketi.

Binti wa Kwamkoro asiache masomo kwa sababu nia zake ni nyingi. Amwambie Bwana zote, hata ile ya nafasi aliyoikosa. Kisha amkumbuke mama mwenye kitambaa shavuni, kwa maana kila atakayeketi mbele yake ni mama wa mtu.

Maswali ya kujadili

1. Ni sababu zipi zilizokufanya uchague kazi unayoifanya? Ni ipi kati ya hizo usiyopenda kuitaja mbele ya kanisa, na kwa nini?

2. Katika kazi yako, ni mahali gani ambapo hakuna mtu anayeweza kuona kama umetenda kwa uaminifu? Unafanya nini hapo?

3. Sisi wazazi na walezi tunaolipa ada, tunawaombea watoto wetu kiti au kikombe? Darasa lenu linaweza kumsaidiaje kijana anayechagua kazi mwaka huu?