Meza ya Jirani na Meza Yetu

Somo: Wagalatia 2:11-14



Wengi wetu tunaijua migahawa midogo ya Wapakistani kule Xiaobei. Umezunguka sokoni tangu asubuhi ukitafuta mzigo, miguu imechoka, simu inakaribia kuzima. Unaingia, unaagiza chapati na mchuzi wa mbuzi, au biriani, na chai ya maziwa. Kwa nusu saa uko nyumbani. Chapati na biriani vilifika pwani yetu zamani kwa njia ya Bahari ya Hindi, ndiyo maana tunakula kwa mgeni tukamkumbuka mama.

Tena meza ni chache. Unajikuta umebanana na Myemeni, Mnigeria na Mkongo, mkipitishiana pilipili. Mwenye mgahawa ni Mwislamu, sisi ni Wakristo, wala hatuulizi dini kabla ya kutuletea maji.

Katika mji huu jambo hilo si dogo. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi hapa Guangzhou walitolewa katika nyumba na hoteli, wengine wakalala nje, na kuna milango ya migahawa iliyofungwa mbele yao. Uchungu wa kukataliwa mezani tunaujua.

Sasa tujitazame wenyewe. Ibada ikiisha na chakula kikipakuliwa, Watanzania wako kona hii, Wakenya kule, Wakongo karibu na dirisha. Mgeni wa siku ya kwanza amesimama na sahani yake mkononi. Tunamwambia, "Karibu sana, ubarikiwe," kisha tunageuka na kuendelea na mazungumzo yetu kwa lugha ya kwetu. Pale Xiaobei angekwisha kupata kiti.

Ndivyo ilivyokuwa Antiokia. Petro alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa bila shida. Walipofika wenzake kutoka kwa Yakobo, akaogopa watasemaje, akajitenga. Hata Barnaba akamfuata. Angalieni: Petro hakuikana Injili kwa mdomo. Alihama meza tu. Lakini Paulo alimkemea mbele ya wote, kwa kuwa kuhama kule kulisema kwamba damu ya Kristo haitoshi, mpaka mtu awe wa kwetu.

Mgahawani tunapata kiti kwa sababu tutalipa. Mezani pa Bwana hakuna hata mmoja wetu aliyelipa. Kiti changu na kiti cha mgeni yule vimelipiwa na Mmoja, kwa bei moja.

Basi tufanye mambo mawili. Jumapili ijayo kila familia ikae na watu wasio wa nchi yao, na iache kiti kimoja wazi kwa ajili ya mgeni. Na tukirudi Xiaobei, tumwombee mwenye mgahawa na watoto wake. Naye yuko ugenini, ana kodi ya pango na viza ya kuhangaikia kama sisi.

Tuombe: Baba, ulitupokea tukiwa wageni. Utuondolee hofu iliyomhamisha Petro mezani. Meza yetu iwe pana kama rehema yako. Katika jina la Yesu. Amina.