Jani na Jina

Miongoni mwa maneno yanayomsumbua mfasiri wa mashairi ya nchi za baridi, hakuna linalomkosesha usingizi kama jina la majira yale yaliyo baina ya kiangazi chao na baridi yao kuu, ambapo majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika. Wako wanaoandika vuli. Wako wanaopendelea demani, kwa kuwa nyakati hizo mbili hukaribiana katika kalenda. Na wako wanaolikimbia neno na kuandika maelezo, majira ya kupukutika majani, jambo ambalo kwa mshairi ni sawa na kumaliza mizani kabla ubeti haujaanza. Kila mmoja ana hoja yake. Lakini aliyeandika vuli, pengine bila ya kukusudia, ameingiza ndani ya shairi kitu ambacho mwenyewe hakukitia. Kwani vuli ya mwambao ni mvua. Ni miezi ya Oktoba hadi Disemba, mkulima yuko kondeni na mbegu ziko ardhini. Msomaji wa Pemba akiambiwa kwamba mjane fulani wa Boston alilia wakati wa vuli, huyaona machozi yakidondoka juu ya udongo uliokwisha limwa.

Kosa hilo, kama ni kosa, linagusa swali ambalo jumuiya moja ya dini hulikabili kila mwaka ifikapo miezi hiyo. Je, wakati wa kuwakumbuka waliokufa waweza kuwa papo hapo wakati wa kuanza upya, bila ya jambo moja kulidhulumu jingine?

Jumuiya yenyewe ni ya Waunitari. Asili yao ni Wakristo waliokataa itikadi ya Utatu, na kwenye makanisa yao ya Transylvania, nchi iliyomo leo ndani ya Rumania, huandikwa maneno yasiyohitaji sherehe kwa msomaji wa visiwani: Mungu ni Mmoja. Huko ndiko baraza la Torda la mwaka 1568 lilikoamua kwamba wahubiri wahubiri kwa kadiri wanavyoielewa Injili, wala asitokee wa kuwatesa kwa ajili ya hayo. Tawi la Marekani lilichipuka kwa njia yake, kutoka makanisa ya Wapuritani wa New England. Chama chao kiliundwa Boston mwaka 1825, na mwaka 1961 kikaungana na Wauniversalisti. Leo, katika makanisa yao mengi ya Marekani, hukaa benchi moja anayeamini Mungu na asiyeamini, aliyelelewa Kiyahudi na anayefuata mafunzo ya Buddha.

Uzuri wa benchi hilo huonekana siku za furaha. Siku ya msiba, taabu yake hudhihirika. Mchungaji asimamaye mbele ya mjane mwezi wa Oktoba hawezi kumwambia, kwa niaba ya wote, kwamba atakutana na mumewe. Nusu ya waliohudhuria hawalisadiki. Wala hawezi kumwambia kwamba basi, yamekwisha. Nusu ya pili itaondoka imejeruhiwa. Basi aghalabu hugeukia dirishani na kuuonyesha mti.

Mti huo una mengi ya kusema, na inafaa usikilizwe wenyewe kabla ya kuwekewa maneno mdomoni. Siku zinapofupika na baridi kuanza, jani la mti wa mepo huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inayokamata mwanga wa jua. Kijani kikiyeyuka, manjano hutokea. Nayo haikuja siku hiyo, ilikuwamo ndani ya jani muda wote wa kiangazi, imefunikwa. Nyekundu ni habari nyingine, kwani sehemu kubwa yake jani huitengeneza upya katika siku zake za mwisho. Wakati huohuo mti huanza kuvuta kutoka kwenye jani vitu vya thamani, hasa naitrojeni, na kuviweka akiba katika matawi, shina na mizizi. Kisha, mahali kikonyo kinaposhikana na tawi, hujengeka utando mwembamba unaolikata jani taratibu. Upepo huja tu kulichukua lililokwisha kuagwa. Na anayeutazama ufa huo kwa makini ataona, juu kidogo ya mahali jani liliposhika, tumba dogo gumu lililofungwa kwa magamba. Ndani yake mna majani ya mwaka ujao. Halikuzaliwa na kifo cha jani: liliumbika tangu kiangazi, wakati jani lingali kijani na hai.

Hapo ndipo mahubiri mengi ya majira haya yanapoteleza. Husemwa kwamba mti unatufundisha kuwa kifo si mwisho, kwa kuwa masika majani yatarudi. Majani yatarudi, ni kweli. Lakini jani hili halirudi. Litakalokuja ni jingine, katika tawi lilelile, na mti hautajali tofauti. Mjane anajali. Faraja inayotokana na mti ni faraja ya mti. Kumpa mtu aliyefiwa na mtu mmoja, mwenye sauti yake na namna yake ya kukohoa mlangoni kabla ya kuingia, ni kumwambia kwa lugha ya kupendeza kwamba yule wake alikuwa mmoja katika wengi.

Waunitari wa Marekani wanazo ibada mbili za majira haya, na huenda mvutano huu ndio unaozifanya zihitajiane. Ya kwanza ni ya maji. Ilianza Novemba 1980 huko East Lansing, Michigan, katika mkutano wa wanawake wa jumuiya hiyo, nayo ilitungwa na Carolyn McDade na Lucile Longview. Wanawake walileta maji kutoka walikotoka wakayamimina katika chombo kimoja. Tangu hapo ibada hiyo imeenea, na makanisa mengi huifanya Septemba, watu wanaporejea kutoka mapumziko ya kiangazi. Huyu ameleta maji ya bahari, yule ya ziwa, mwingine ya bomba la jikoni kwake kwa sababu mwaka huu alimuuguza mama yake na hakusafiri. Yote huingia bakulini. Ni ibada ya kuanza upya, na ina haki ya kupendwa. Ila maji yakishamiminwa, hakuna awezaye kuyatenga tena. Ya bahari na ya bomba ni kitu kimoja. Maji hayana jina.

Ya pili huja karibu na mwanzo wa Novemba, siku ambazo Wakristo wengi huwaombea marehemu. Katika makanisa mengi husomwa majina ya wanajumuiya waliofariki mwaka huo, kila jina na mshumaa wake au mlio wa kengele. Kisha huachwa nafasi, na aliyeketi popote hutamka jina la amtakaye, hata kama aliyeitwa alifariki miaka arobaini nyuma katika mji mwingine. Hakuna hotuba. Jina hutamkwa likaachwa.

Msomaji wa visiwani hataona ugeni hapo. Hitima husomwa, arobaini hufika, na hauli ya mwanachuoni hukusanya watu kutoka bandari za mbali. Lakini tofauti ni kubwa, wala haifai kufunikwa kwa ajili ya adabu. Asomaye hitima ana anachokipeleka: huomba thawabu za kisomo zimfikie marehemu, na kwa imani yake kuna wa kupokea. Benchi la Waunitari halijakubaliana kama kuna wa kupokea. Jina linapotamkwa pale, huenda halifiki popote. Kwa nini basi litamkwe?

Jibu la haraka ni kwamba hutamkwa kwa ajili ya walio hai, ili nyoyo zitulie. Jibu hilo ni dhaifu. Kama kutulia ndiyo shabaha, kusahau hutuliza zaidi, tena bila ya gharama. Mtu hamkumbuki babaye ili apate usingizi. Mara nyingi kumbukumbu ndiyo inayomkosesha. Lipo jibu lililo karibu zaidi na ukweli, nalo ni la deni. Jani halikuanguka mpaka lilipokwisha kurudisha akiba kwenye mti. Anayeishi kwa akiba ya mwingine, awe yule mwingine anasikia au hasikii, anadaiwa kutaja imetoka wapi. Asipotaja hajamdhuru maiti, maana maiti ameshapita pa kudhurika. Amejifanya yeye ndiye chanzo cha mali asiyoichuma.

Hata hivyo, kukumbuka nako kunaweza kufa. Hakuna aliyeliona hilo kwa uchungu kuliko Ralph Waldo Emerson, aliyekuwa mchungaji wa Kanisa la Pili la Boston. Tarehe 9 Septemba 1832, akiwa na umri wa miaka 29, aliwahubiria waumini wake kwamba hawezi tena kuwaongoza katika meza ya Bwana. Mkate na divai, alieleza, Yesu hakuviweka viwe amri ya daima. Na yeye mwenyewe, namna hiyo ya kumkumbuka haimwingii moyoni. Kabla ya Oktoba kwisha, kanisa lilikubali kujiuzulu kwake. Aliacha kazi ya heshima kwa sababu ya ibada ambayo kwa Waunitari wa wakati wake ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ibada ya ukumbusho tu.

Wengi humtaja hapo kama shujaa wa uhuru wa dhamiri, wakapita. Wangetua kidogo. Mkewe, Ellen Tucker, alikuwa amefariki Februari 1831 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 19. Tarehe 29 Machi 1832, miezi mitano na ushei kabla ya mahubiri yale, Emerson aliandika katika shajara yake kwamba amekwenda kwenye kaburi la Ellen na kufungua jeneza. Hakueleza alichokiona. Mtu aliyeshindwa kushika kikombe cha ukumbusho mbele ya watu ndiye aliyeinua kifuniko peke yake. Pengine, baada ya kuona kile ambacho kifo hufanya, ishara za mezani zilimwonekea kuwa adabu mno. Kuhusu umbo la ibada huenda alikuwa na haki. Lakini alichokifanya makaburini kinaonyesha kwamba anayekataa kukumbuka pamoja na wenziwe haponi kukumbuka. Hubaki na jeneza na mikono yake miwili.

Ibada ileile aliyoiacha Emerson, ndugu zake wa Transylvania hawakuiacha. Wao huishika mara nne kwa mwaka, na mojawapo ni Jumapili ya mwisho ya Septemba, siku ya shukrani ya mavuno. Mkate wa siku hiyo ni wa ngano mpya, na divai ni ya zabibu mpya. Kwao pia ni ukumbusho. Hawasemi kwamba mkate umegeuka mwili. Ila kinachobeba kumbukumbu ya kale kimetoka shambani mwaka huu, na mwenye kukila anaijua mikono iliyokivuna. Halafu Novemba hukumbukwa Dávid Ferenc, mwanzilishi wao, aliyefia kifungoni katika ngome ya Déva mwaka 1579 kwa ajili ya imani yake. Kaburi lake halijulikani. Watu hupanda mpaka ngomeni kumtaja mtu asiye na jiwe la kuinamiwa. Hawana jeneza la kufungua, wana jina tu, na limewatosha kwa zaidi ya miaka 400.

Emerson naye hakuishia makaburini. Alioa tena mwaka 1835, na alipopata binti mwaka 1839, mke wake wa pili, Lidian, ndiye aliyependekeza mtoto aitwe Ellen. Mwambao unamjua mtoto wa namna hiyo. Ana somo wake, na nyumba inayomwita humwita na aliyetangulia. Lakini si jambo dogo kwa mke kumpa bintiye jina la mwanamke aliyependwa kabla yake. Lidian angeweza kuudai mwanzo mpya, safi, usio na kivuli, na hakuna ambaye angemlaumu. Alichagua kuingiza jina la marehemu ndani ya nyumba yake mwenyewe, ambamo angelitamka yeye kila siku, asubuhi na jioni, akimwita mtoto aje kula. Wala mtoto hakuwa yule wa kwanza amerudi. Alikua na sura yake na tabia zake, akafundisha shule ya Jumapili katika kanisa la Concord, na hakuolewa.

Uzeeni, tangu miaka ya 1870, Emerson alianza kupoteza maneno. Majina ya vitu yalimtoka, na ya watu pia. Aliendelea kuitwa kuhutubia, na Ellen alifuatana naye, akimpangia kurasa za muhadhara zisichanganyike, akimwangalia asije akarudia ukurasa alioumaliza. Machi 1882 alihudhuria maziko ya rafikiye, mshairi Longfellow, na husimuliwa kwamba baada ya kulitazama jeneza alisema marehemu alikuwa mtu mwema, ila jina lake amelisahau. Mwezi uliofuata akafariki yeye. Ellen aliishi Concord hadi 1909.