Aliyepita Kwenye Ua la Pamba

Ua la pamba haliishi sana. Asubuhi linafunguka likiwa na rangi ya maziwa, kesho yake limeshageuka waridi, halafu linanyauka na kuanguka. Ukipita mashamba ya Bariadi, Itilima au Maswa wakati wa maua, unaweza kusimama dakika kumi mbele ya ua moja usione mdudu hata mmoja. Utaondoka ukiamini halikupata mgeni.

Kumbe lilipata. Mdudu anayetua huacha kitu nyuma yake: mate, kinyesi, unywele wa mguuni. Humo mna vinasaba, ile DNA tunayoisikia kwenye kesi za mahakamani. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark, Philip Francis Thomsen na Eva Sigsgaard, walichapisha utafiti wa maua 56 ya porini. Hawakukaa kuvizia wadudu. Walichuma maua, wakatafuta vinasaba vilivyobaki juu yake, wakakuta alama za aina zaidi ya 130 za wadudu na jamaa zao, buibui wakiwemo. Maua 56 tu, jamani!

Niliposoma habari hiyo niliifikiria Simiyu, mkoa unaoishi kwa pamba. Huko kusoma nyayo si jambo geni. Ng'ombe wakiibwa usiku, asubuhi watu wanafuata kwato. Hata Sungusungu, ulinzi wa jadi ulioibuka Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, wana jina la mdudu: chungu weusi waendao kwa makundi. Kwamba apitaye huacha ushahidi, Msukuma alishajua. Kipya ni udogo wa nyayo.

Lakini hapo ndipo swali langu linapoanza. Vinasaba vinasema nani alipita, havisemi alikuja kufanya nini. Nyuki aliyebeba chavua, nondo ambaye watoto wake ndio funza wa vitumba, buibui aliyekuwa akimvizia nyuki: wote wanaingia kwenye orodha moja, jina chini ya jina. Mgeni na mwizi wameacha nyayo zinazofanana. Je, orodha kama hiyo inatupa haki ya kuhukumu?

Mkulima mwenye bomba la dawa mgongoni simlaumu. Funza akiingia kwenye kitumba, ameingia kwenye ada ya shule ya mtoto. Ila dawa haisomi orodha. Inamuua aliyekuja kula pamoja na aliyekuja kumla mlaji. Yule mdudu mdogo wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, anayekula vidukari, naye anakufa pamoja na vidukari wake. Kosa lake ni kuonekana mahali pa tukio.

Usidhani nimehama mada nikisema kwamba na watu tumewafanyia hivyo hivyo. Usukumani, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi ukawa macho yao mekundu. Macho yalikuwa mekundu kweli. Alama haikudanganya. Miaka mingi ya kupuliza moto kwenye jiko la moshi ilitosha kuieleza. Aliyekosea ni msomaji wa alama, aliyeruka kutoka kwenye alama hadi kwenye hatia bila kuuliza chochote katikati.

Mtu ataniambia: sasa tusubiri mpaka tujue kila kitu? Funza hasubiri. Ni kweli, na mimi sisemi tukae tu. Nasema kujua nani alipita ni mwanzo wa swali, na sehemu ya pili ya kazi haifanywi na mashine. Inafanywa na mkulima anayeinama, anafunua majani, anahesabu funza kabla ya kupiga bomba. Huyo anauliza “ulikuja kufanya nini?” Siku maabara zitakapoleta orodha zao Bariadi, naomba zimkute bado anainama, maana orodha ndefu inaweza kumfanya mtu aone kuinama hakuna haja.

Vinasaba vilivyo juu ya ua havikai. Jua kali na mvua huvifuta upesi, na ua lenyewe huanguka. Lakini aliyekwisha kupuliziwa dawa haamki, na kikongwe aliyezikwa hawezi kurudi kutueleza habari za moshi wa jikoni kwake.