Msumari Ndani ya Gogo: Je, Ajali Isiyo na Mkosaji Ina Mlipaji?

Waswahili husema ajali haina kinga. Mara nyingi methali hii hutolewa kwa nia njema, ili kumtuliza aliyepatwa na kumpunguzia lawama aliyesababisha. Lakini mahali pa kazi huwa na matumizi mengine: mtu huitoa mdomoni ili asitoe pesa mfukoni. Ajali haikuwa na kinga, basi hakuna wa kulaumiwa. Hakuna wa kulaumiwa, basi hakuna wa kulipa. Katika insha hii nataka kuuliza kama hatua hiyo ya mwisho ni ya haki. Nitatumia mfano wa kazi inayofahamika kwetu Uganda, yaani kupasua mbao kwa mashine ya kuhamishika.

Mashine hii hupelekwa pale mti ulipoangushwa, badala ya magogo kusafirishwa hadi kiwandani. Gogo hulazwa juu ya kitanda cha chuma na kubanwa lisicheze, kisha kichwa cha mashine husukumwa juu ya reli kutoka upande mmoja wa gogo hadi wa pili. Kinachokata ni bledi, ukanda mwembamba wa chuma wenye meno, unaozungushwa na magurudumu mawili. Ukanda wa kawaida una urefu wa mita 4 hivi, nao hukimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde. Uzuri wake ni kwamba kila pasuo hupoteza milimita 2 au 3 tu za mti, kwa hiyo gogo moja hutoa mbao nyingi. Ubaya wake unatokana na wembamba huohuo. Ukigonga chuma, meno huvunjika au hupinda, ukanda huanza kupanda na kushuka ndani ya gogo, mbao hutoka na mawimbi, na mara nyingine ukanda hukatika kabisa.

Chuma hicho hutoka wapi? Hutoka kwetu. Mwembe au mfenesi uliokua uani umeishi na watu. Umefungiwa kamba ya kuanikia nguo, umepigiliwa seng'enge ya zizi, umebandikwa picha za wagombea kila uchaguzi. Mti hunenepa na kumeza msumari, gome hujifunga, na baada ya miaka hakuna anayeuona. Tena mti hukua kwa kurefuka kileleni na kunenepa shinani, hauinui msumari. Uliopigiliwa usawa wa kifua utabaki usawa wa kifua. Ndiyo maana chuma hupatikana zaidi katika gogo la chini kabisa, ambalo kwa kawaida ndilo nene kuliko yote na lenye thamani kubwa.

Sasa tuseme bledi imegonga msumari wa namna hiyo. Wapo watu wanne: mwenye gogo aliyeita mashine, mwenye mashine ambaye huenda yuko mjini, fundi anayeiendesha, na kibarua anayegeuza magogo na kubeba mbao. Hakuna aliyetaka jambo hili litokee. Nani alipe?

Jibu la kwanza linalokuja kichwani ni kwamba alipe mwenye kosa. Jibu hili lina uzito, na mwanafalsafa Aristotle alilipanga vizuri katika kitabu cha tano cha maadili yake. Alitenganisha madhara ya aina tatu. Lipo dhara linalotokea kinyume cha matarajio ya mtu yeyote mwenye akili. Hilo ni bahati mbaya. Lipo ambalo lingeweza kutarajiwa, ingawa halikukusudiwa. Hilo ni kosa. Na lipo linalofanywa kwa kujua. Hilo ni dhuluma. Mgawanyo huu unaingia katika kazi ya mbao bila shida. Mwenye gogo akijua kwamba mti wake ulikuwa nguzo ya ua, akanyamaza kwa kuogopa kwamba fundi atakataa gogo la chini, amefanya dhuluma. Fundi akiletewa mwembe wa uani, asiulize lolote, asitazame kama kuna kovu kwenye gome au doa jeusi lenye rangi ya buluu kwenye ncha ya gogo, doa ambalo chuma huacha katika miti mingi, amefanya kosa. Katika hali hizi mbili hatuhitaji falsafa nyingi. Mwenye kosa alipe.

Taabu huanza katika aina ya kwanza. Msumari ulipigiliwa miaka 30 iliyopita na mtu ambaye ameshazikwa. Mwenye gogo aliulizwa akajibu kwa ukweli kwamba hajui. Fundi alitazama, hakuona doa wala kovu. Tena upo mfano ulio mgumu kuliko msumari. Ndani ya shina la mvule, mti ambao wakulima wa Busoga wameuacha usimame katika mashamba yao, mara nyingine hupatikana jiwe. Si jiwe lililotumbukizwa na mtu. Ni chokaa ambayo mti wenyewe umeijenga ndani yake. Chombo cha kutafutia chuma hakiwezi kulisikia, kwa sababu si chuma. Lakini meno ya msumeno yatalisikia. Hapo hata marehemu wa kumlaumu hatuna. Tukishikilia kwamba alipe mwenye kosa tu, jiwe la mvule halitalipwa na mtu yeyote.

Lakini hilo haliwezekani. Bledi imeharibika kweli, na lazima inolewe au inunuliwe nyingine. Kusema kwamba hakuna wa kulipa hakufuti gharama. Ni kuiacha tu imwangukie yule iliyemkuta. Kwa hiyo anayesema "ajali haina kinga, tuache" naye ameshaamua nani alipe, ila amekwepa kumtaja.

Jibu la pili ni kwamba kila mtu abebe hasara ya mali yake. Ni wazo la kale sana. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli zaidi ya miaka 3,700 iliyopita, zilisema kwamba mtu akikodi ng'ombe na simba akamuua huko malishoni, hasara ni ya mwenye ng'ombe, si ya aliyemkodi. Ni haki, kwa kuwa simba hakuletwa na mkodishaji wala mkodi. Kwa kanuni hiyo bledi ni mali ya mwenye mashine, basi hasara ni yake. Lakini msumari haufanani sana na simba. Simba alitoka porini; msumari ulikuja ndani ya gogo, na gogo ni mali ya mtu anayetarajia kupata mbao. Kama mbao zikitoka nzuri ni zake zote, itakuwaje kilichojificha ndani ya mbao hizo kisimhusu kabisa? Hata hivyo, mwenye mashine naye hawezi kujifanya mgeni. Anaitoza kazi hii pesa kwa sababu anajua ina hatari zake, na bledi ni kitu kinachoisha hata bila msumari.

Kwa maoni yangu, swali hili huharibika kwa sababu tunalisikiliza kama ugomvi wa watu wawili, mwenye gogo na mwenye mashine. Nilisema wako wanne. Hasara ina tabia ya maji: huteremka mpaka ipate mahali ambapo haiwezi kuteremka tena. Mwenye gogo humwambia mwenye mashine kwamba hiyo ni mashine yako. Mwenye mashine humwambia fundi kwamba wewe ndiye uliyekuwa umeishika. Fundi humgeukia kibarua: wewe ndiye uliyegeuza gogo, hukuona? Kibarua hana wa kumgeukia. Jioni anakatwa ujira wa siku, pengine wa siku tatu, kwa msumari ambao hakuupigilia, ndani ya gogo ambalo si lake, kwa bledi ambayo si yake, katika faida ambayo haimfikii. Hapo ajali isiyo na mkosaji imezaa dhuluma yenye mkosaji. Msumari haukumdhulumu mtu. Aliyemkata kibarua ujira amemdhulumu.

Najua pingamizi litakalotolewa. Watu watasema kwamba mfanyakazi asiyelipa anachoharibu atakuwa mzembe. Pingamizi hili si la kupuuzwa, kwa sababu uzembe upo. Anayeangusha gogo kwa fujo juu ya kitanda cha mashine mpaka reli ikapinda, baada ya kuonywa, anastahili kuwajibika. Lakini kumtoza mtu kwa uzembe ni jambo moja, na kumtoza kwa ajali ni jambo lingine. Tena kumtoza kwa ajali hakumfundishi uangalifu, kunamfundisha kuficha. Ukanda wa msumeno haukatiki ghafla kila mara. Mara nyingi huanza na ufa mdogo kama unywele kwenye bonde lililo kati ya jino na jino. Anayeuona ufa huo kwanza ni yule anayeufuta na kuufunga ukanda, yaani mtu wa chini. Akijua kwamba kuusema ni kukatwa ujira, ataufunga kimya na kuomba Mungu ufike jioni. Methali nyingine inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa usipoziba ufa huenda ukazika mtu, kwani ukanda unaokatika katika mwendo ule hauchagui pa kuruka. Mashine salama inahitaji ukweli, na ukweli hauji mahali ambapo anayeusema ndiye anayeulipia.

Lugha yetu ya Kiswahili inaweza kutusaidia hapa. Tunayo maneno mawili ambayo watu wa lugha nyingine huyachanganya: pole na samahani. Samahani husemwa na aliyekosa. Pole husemwa na yeyote, hata asiyehusika. Nikikuona umejikwaa barabarani nakwambia pole, na hakuna anayedhani kwamba mimi ndiye niliyeliweka jiwe. Hii ni hekima kubwa, kwa sababu inaturuhusu kusimama na mwenzetu bila kwanza kumtafuta mkosaji. Lakini pole ya mdomo hainoi bledi. Tunahitaji kukubali jambo la tatu lililo kati ya pole na samahani: deni lisilo na dhambi. Ni pale mtu anapotoa mchango wa kurekebisha kilichoharibika, si kwa sababu alikosa, bali kwa sababu ni mshirika wa kazi iliyoleta madhara hayo. Sheria imeshalijua jambo hili. Sheria ya Uganda ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2000 humtaka mwajiri amlipe fidia aliyeumia kazini bila kudai kwanza ithibitishwe kwamba mwajiri alikosa. Kama tunaweza kufikiri hivyo kuhusu mkono uliokatika, tunaweza kufikiri hivyo kuhusu bledi.

Basi ajali ya kweli ikitokea, napendekeza tusianze na swali la nani kakosa. Tuulize matatu. La kwanza: nani alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kujua? Kwa mti wa uani, ni mwenye gogo. Kwa jiwe la mvule, ni mwenye mashine, kwa sababu ndiye mwenye uzoefu wa magogo mengi. La pili: nani anafaidika na kazi hii kiasi kwamba hasara yake ni sehemu ya faida yake? Hapa wanahusika wote wawili, kila mmoja kwa kadiri ya anachovuna. La tatu: nani anaweza kuibeba hasara hii bila kukosa chakula? Swali hili la mwisho peke yake halitoshi, maana tajiri si mkosaji kwa kuwa ni tajiri. Lakini linatuzuia tusimshushie mzigo yule ambaye maswali mawili ya kwanza hayakumgusa. Kibarua hakujua, na hapati faida yoyote zaidi ya ujira wake. Hakuna swali hata moja kati ya haya linalomwelekea yeye.

Maswali haya yafaa yaulizwe kabla mashine haijawashwa. Baada ya bledi kuharibika, kila mtu hujibu kwa kutazama mfuko wake. Kabla ya hapo hakuna anayejua gogo litaficha nini, na ndiyo maana majibu huwa ya haki zaidi. Dakika kumi zatosha: mwenye gogo aseme mti ulisimama wapi, fundi azunguke kila gogo na kulitazama, na wakubaliane kwamba bledi ikigonga chuma mwenye gogo atachangia kiasi fulani, ikigonga jiwe mwenye mashine atabeba, na ujira wa kibarua hautaguswa kwa lolote ambalo si uzembe wake. Wakishakubaliana, hata aliyepata hasara hatasema kwamba ameonewa.

Kwa kumalizia, sikatai kwamba ajali haina kinga. Msumari utakuwemo, na jiwe la mvule litakuwemo, hata tukichunguza kwa makini namna gani. Lakini methali inazungumzia ajali yenyewe. Haikusema lolote kuhusu siku inayofuata, pale watu wanne wanapokaa kuamua nani atalipa. Hapo hakuna bahati mbaya tena. Kila kitakachoamuliwa ni tendo la binadamu mwenye akili zake, na atakayemwonea mwenzake hawezi kumsingizia msumari.